Usijibu, Sikiliza Tu

Mambo yangu yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka elfu mbili ishirini na nne, mchana wakati wa chakula. Naitaja tarehe yote kwa sababu wakubwa wa kazini kwetu wanapenda kusema "ile siku ya msiba wako", kama vile msiba ulinijia peke yake kutoka juu na wao hawakuutia mkono.

Mimi ni mlinzi wa geti kwenye kampuni ya barafu hapa Musoma. Tunagandisha barafu, tunaipeleka mialoni wanakoshusha samaki, na boti zinaivusha mpaka kisiwa cha Rukuba kwa watu wanaovua sangara. Nimesoma mpaka darasa la nne. Mambo ya mitambo nitakayoyasema humu nimeelezwa na fundi, na nimemuuliza mara nyingi mpaka yakaniingia, maana ndiyo yaliyonimalizia nyumba.

Mke wangu aliitwa Hyasinta, Mzanaki wa Butiama. Mimi ni Mkurya, naitwa Keraryo, na upande wangu sina mtu wa kumtaja. Shamba la baba liliuzwa na baba zangu wadogo nikiwa bado nachunga ng'ombe za watu. Mtoto hatukujaliwa. Tulipanga vyumba viwili Nyasho, na kwingine tulikokuwa tunaendaga, mahali pa kusema "tumefika nyumbani", ni kwa mama yake tu.

Sasa, huyo mama mkwe na mimi tulikuwa hatujawahi kusemezana. Si kwa ugomvi, ni heshima. Kwao na kwetu pia, mwanamume hatazamani na mama mkwe wake usoni, hali naye, wala hawaambiani neno moja kwa moja. Nikifika Butiama nakaa sebuleni, yeye yuko jikoni. Akitaka kujua kama nimeshiba, anasema kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta: "Hyasinta, muulize mgeni wako kama ugali umemtosha."

Na mimi navusha sauti: "Hyasinta, mwambie mama nimeshiba, nashukuru."

Hyasinta amesimama mlangoni katikati, sinia mkononi, anacheka mpaka anakohoa. "Nyie watu wawili mtaniua. Mimi ndiyo mnara wenu wa simu?"

Tuliishi hivyo miaka yote ya ndoa, na sikuona kasoro. Mama alikuwa ananiwekea kipande kikubwa cha samaki. Mtu anayekuwekea kipande kikubwa huna haja ya kusikia anasema nini.

Mwanzoni mwa Juni hiyo bosi wetu, Gody, akaleta simu mpya za ofisini. Kila meza ikapata simu yake nyeusi yenye kioo kidogo, na mapokezi wakawekewa moja kubwa. Fundi wake alikuwa binti wa Bunda, anakaa Kabasa, anaitwa Ikhlas. Alikuja na begi la vifaa mgongoni, akatoboa ukuta, akapitisha waya, akafunga kiboksi kimoja kilichokuwa ndiyo moyo wa simu zote. Kiboksi hicho akakipanga kabatini nyuma ya kingine tulichokuwa nacho tangu zamani, chenye taa za kijani, wanachokiita faiwoli.

Nilimuuliza faiwoli ni kitu gani. Akaniambia, "Ni mwenzako, baba. Ni mlinzi wa geti wa mtandao. Anaangalia nani anaingia, nani anatoka. Asiyejulikana anamrudisha."

"Na nani anamwambia yupi anajulikana?"

"Mwanza. Makao makuu. Neno la siri wanalo wao."

Nikasema moyoni, basi hata huyo ni kama mimi, anaajiriwa Musoma, anaamriwa Mwanza.

Siku ya kuzindua Gody aliagiza soda. Akapiga kutoka ofisini kwake kwenda mapokezi, Mwanahalima wa mapokezi akapokea, wakasalimiana huku wanaonana kwa dirishani, watu wakapiga makofi. Wakapiga stoo, stoo wakapokea. Makofi tena. Ikhlas peke yake hakupiga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa yangu ya soda, nikayasikia yote.

"Bosi, bado," alisema. "Hapa ni meza kwa meza, tuko ndani ya geti. Simu ya kutoka nje nimeijaribu. Inaita, lakini ukipokea hakuna sauti. Haiji wala haiendi."

"Inaita?"

"Inaita."

"Ukiinyanyua inapokea?"

"Inapokea, lakini..."

"Basi inafanya kazi. Hayo madogomadogo utamalizia."

"Siwezi kumalizia bila Mwanza. Lazima wafungue njia za sauti kwenye faiwoli yao. Uwaandikie leo."

"Nitawaandikia," Gody akasema, na hapohapo akainua simu yake ya mkononi akapiga picha zile simu mpya, akawatumia Mwanza kwamba kazi imekwisha. Sasa mtu aliyeshasema kazi imekwisha ataandikaje tena kwamba haijaisha? Hakuandika. Na fundi akaambiwa asubiri kupigiwa.

Halafu Gody akatoa na amri. "Kuanzia leo simu zenu za mkononi zinalala kwenye droo yangu mpaka jioni. Watu wenu wapige hapa. Ofisi ina simu sasa, siyo kibanda cha vocha."

Mwanahalima hajui kunyamaza. "Na yako inalala humo, bosi?"

"Yangu ni ya kazi."

"Ya kazi, wakati jana nimeisikia inacheka na shemeji," akasema, na watu wakacheka, na Gody naye akacheka kidogo, lakini droo ilifunguliwa na simu zikaingia. Jioni ile nilimpa Hyasinta namba ya ofisi. Akaiandika kwenye simu yake, "Keraryo Kazini". Alifurahi. Alisema sasa nimekuwa mtu wa ofisi.

Wiki hiyo simu ya mapokezi ikawa inaita, Mwanahalima anapokea, kimya. Hallo, hallo, kimya. Akamwambia Gody. Gody akasema, "Hao wanabipu. Watu wa huku hawapendi kutumia salio lao. Ikiita na mtu hasemi, achana naye, endelea na kazi." Alijua fika si kubipu. Fundi alimwambia akiwa na soda mkononi.

Jumatano hiyo ya Juni Hyasinta alikuwa Butiama tangu wiki iliyotangulia, amekwenda kumsaidia mama yake kukata viazi vya michembe, vile vya kuanika juani. Alikuwa na pumu. Ilikuwa inampata na kumwacha, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa haimtoki mkobani. Safari hiyo aliisahau dirishani kwetu Nyasho. Niliiona asubuhi nikaitia mfukoni, kwamba nitamtumia kwa gari la mchana la kwenda Butiama. Ilikuwa mfukoni mwangu wakati yote haya yanatokea.

Mwanahalima alikwenda kula, nikamshikia mapokezi kama kawaida yetu. Simu ikaita. Nikanyanyua mkonga.

"Hallo."

Kimya.

"Hallo, nani mwenzangu? Hapa ni ofisi ya barafu. Ongeza sauti, ndugu, sikusikii."

Kimya chenyewe hakikuwa cha mtu aliyenyamaza. Mtu akinyamaza unasikia kuku wake, unasikia pumzi, unasikia redio ya jirani. Hiki kilikuwa kimya cha kitu kilichozimwa. Niliita tena na tena. Gari la barafu likaanza kupiga honi getini, dereva anatukana kwamba mzigo unayeyuka juani. Nikaulaza mkonga mezani, nikasema mtandao ukirudi nitamkuta, nikakimbia kufungua. Niliporudi simu ilikuwa imekatika. Nikauweka mkonga mahali pake.

Yaliyokuwa upande wa pili niliyajua baadaye, kwa mdomo wa Benson, kaka yake Hyasinta.

Pumu ilimbana Hyasinta wakiwa wawili tu pale, yeye na mama. Benson alikuwa mnadani Bunda. Mama akachukua simu ya binti yake akanipigia yangu, haipatikani, imezimwa imelala kwenye droo ya Gody. Hyasinta kwa kidole akamwonyesha namba nyingine: Keraryo Kazini. Mwenyewe hawezi kusema, kifua kimefunga. Wala hakukuwa na mtoto wa jirani wa kupewa simu aseme kwa niaba, watoto wote wako shule.

Basi mama mkwe wangu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Akaweka simu sikioni, ikaita, ikapokelewa, akasikia kimya. Yeye hajui faiwoli. Anachojua ni kwamba mkwe amepokea, amemtambua, na kwa adabu zake amenyamaza. Kwa hiyo akasema. Benson amenirudia maneno hayo mara mbili, kwa sababu mama mwenyewe huyarudia kila siku:

"Mkwe wangu, usijibu, sikiliza tu. Hyasinta amebanwa na kifua, ni vibaya. Njoo na gari la kazini kwenu, na dawa yake ulete. Sisi tunashuka barabarani kukusubiri. Usijibu, njoo."

Akakata. Akamfunga binti yake kitenge kifuani, wakashuka polepole mpaka barabarani, wakakaa kwenye jiwe.

Wakati wamekaa hapo alipita jirani yao, Machibya, na gari lake la mahindi, anakwenda Bunda. Akasimama. Akasema, "Pandeni, niwapeleke hospitali." Mama akamwambia, "Ahsante baba, endelea tu. Mume wake nimeshampigia, yuko njiani." Machibya akaondoka.

Hyasinta alifia pale pale, kichwa mapajani kwa mama yake, macho yanatazama upande ambao gari langu lingetokea.

Jioni nilipopewa simu yangu kutoka kwenye droo ndipo zikaanza kuingia meseji.

Tulimzika Butiama, kwenye uwanja wa mama yake. Mimi shamba sina, na nyumba ya Nyasho ni ya mwenye nyumba. Kampuni ilichangia barafu ya kuhifadhia mwili. Hiyo ndiyo rambirambi niliyopata kwao, magunia ya barafu, na Gody alikuja mwenyewe na gari kuileta. Gari hilohilo aliloliomba mama. Siku hiyo lilipatikana.

Baada ya mazishi wanaukoo walikaa, wakaniweka mbele. Benson akaishika simu ya dada yake. "Shemeji, hapa panaonyesha ulipokea. Siyo kwamba iliita tu. Ulipokea na ikakaa hewani mpaka mama akamaliza."

"Nilipokea. Sikusikia kitu. Simu za ofisini zilikuwa mbovu."

"Zilikuwa mbovu na zikapokea?"

"Zinaita, zinapokea, sauti haipiti. Ni mambo ya Mwanza, kuna kitu kinaitwa faiwoli..." Nikajisikia mwenyewe ninavyosema, kama mlevi anayeeleza kwa nini amelala mtaroni. Mzee mmoja akatema mate pembeni.

Benson akasema taratibu, "Mama anasema alikwambia usijibu, na wewe hukujibu. Sasa hapo kosa la mashine liko wapi?"

Mama alikuwa ndani jikoni. Nilisubiri avushe sauti ukutani kama zamani, hata ya kunitukana. Lakini wa kupitishia maneno tulikuwa tumemzika asubuhi.

Nilimwendea Gody nikamwomba jambo moja. Aje na mimi Butiama, aseme mbele ya wale watu kwamba simu ilikuwa na hitilafu na yeye alijua. Yeye ni msomi, ana gari, ana tai. Angesikilizwa.

Akavuta kiti. "Mzee Keraryo, pole sana. Lakini nielewe. Nikienda kusema vile, kesho yanafika Mwanza. Wataniuliza kwa nini niliripoti kazi imekwisha."

"Si ndivyo ulivyofanya?"

"Mambo ya ofisi yana taratibu, mzee wangu."

Ndivyo walivyo. Wakitaka sifa kazi ni yao, yakiharibika ni taratibu.

Nilikwenda Butiama mwenyewe mwezi uliofuata, na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Nilitaka kukaa kaburini tu, hata nisiingie ndani. Benson alinikuta barabarani, karibu na lile jiwe. "Rudi, shemeji," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma. "Akikuona anaacha kula. Mara ya mwisho alipolisikia jina lako alikaa siku mbili na uji. Simu ya dada anayo yeye, anailaza chini ya mto. Akikubali, nitakwambia."

"Hujaniamini hata wewe?"

"Kukuamini kwangu mimi kutakusaidia nini? Kaburi liko kwa mama."

Akapokea sukari. Nikarudi Nyasho.

Chumba cha pili nimekifunga. Napika kidogo, nakula nimesimama. Jirani zangu wananisalimia vizuri, lakini nimegundua mtu aliyefiwa wanamsalimia huku wanatembea.

Miezi ikaenda. Simu za ofisini zikaendelea kuita na kunyamaza, na Mwanahalima akaendelea kuambiwa hao wanabipu. Mpaka siku moja, mwanzoni mwa mwaka, akaja Said, wakala wa barafu wa Rukuba. Alishuka kwenye boti hata nguo hazijakauka, akaja moja kwa moja getini.

"We mura!" akaniita kwa Kikurya, kama kijana mwenzake. "Nyie siku hizi mnauza barafu au mnauza kimya?"

"Kuna nini, Said?"

"Napiga, mnapokea. Nasema nataka mzigo, mnanyamaza. Nasema nyie watu mna dharau gani, mnanyamaza. Nimemtukana mtu humo ndani mpaka salio likaisha, hata kunijibu tusi moja hakuna! Mtu wa namna gani huyo?"

"Hakuwa anakusikia."

"Basi sangara wameniozea mimi. Wenzangu wote wa kisiwani wamehamia kwa yule wa barafu mwingine, na mimi nakuja kuwaaga kwa heshima."

Maneno hayo yakafika kwa Gody, na hesabu za mauzo zikafika Mwanza, na Mwanza wakauliza. Siku hiyohiyo, nasema siku hiyohiyo, Gody akaandika kuomba njia za sauti zifunguliwe. Kwa Hyasinta kalamu haikupatikana. Kwa barafu ilipatikana kabla ya chai.

Ikhlas akaja na begi lake lilelile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kumalizia. Hujambo? Mama wa kwako nyumbani hajambo? Ulisemaga ana pumu."

Nikamwambia. Nilimwambia tukiwa palepale getini, bila kupamba, kuanzia simu mpaka lile jiwe la barabarani. Akakalia kigoda changu, begi bado liko mgongoni.

"Kumbe," akasema. Halafu: "Niliambiwa nisubiri kupigiwa. Sikupigiwa."

"Labda walipiga, hukusikia."

Nilisema kwa ubaya, na ubaya ukamfika. Aliinama. Sikumwomba radhi. Yeye alikuwa na mdomo wa kusema siku ile ya soda na aliutumia, lakini baadaye alipanda gari akarudi Kabasa. Wote walipanda magari.

Alifanya kazi tangu asubuhi, laptopu iko kwenye meza ya mapokezi, simu yake ya mkononi imewekwa sauti ya juu, anaongea na kijana wa Mwanza mwenye neno la siri. Kwa kuwa nilikuwa nakaa karibu alinieleza anavyofanya, nadhani ndiyo ilikuwa namna yake ya kunipa pole.

"Simu ina safari mbili, baba. Mlio una njia yake, sauti zina njia zake, nyingi. Faiwoli walikuwa wameiambia mlio upite tu. Sauti zikija getini haizijui, inazirudisha, na za ndani inazizuia kutoka."

"Mgeni anaruhusiwa kupiga hodi, ila mdomo wake ubaki nje."

"Hivyohivyo. Na kosa la pili, kiboksi chetu cha simu kilikuwa kinawaambia wa nje, nileteeni sauti chumba namba tatu. Hakisemi nyumba ipi, mtaa upi. Sasa nakiandikia anwani ya nje, na Mwanza wanafungua njia."

"Ni kazi ya muda gani?"

Aligusagusa waya. "Siyo ndefu," akasema. "Ni mchana mmoja."

Mchana mmoja.

Wakampigia Said Rukuba. Akapokea, sauti yake ikajaa chumba: "Haa! Leo mmefufuka?" Wakaongea naye, akaagiza barafu, akawatania, wakamtania. Gody akapiga makofi. Yule mtu anapenda makofi. Halafu akaingia kwenye gari akaenda kula, na Mwanahalima naye akatoka, akaniachia mapokezi kama siku ile.

Ikhlas alikuwa anatazama laptopu. "Nataka nijaribu mmoja zaidi, baba, wa upande mwingine. Una mtu wa kumpigia Bunda, Butiama huko?"

Alijua anachokisema. Nikamtazama, akanitazama, kisha akageuza laptopu nikaona kioo chake. "Mstari wa juu ni wewe. Wa chini ni wa upande wa pili. Ukisema, wa juu unacheza. Yeye akisema, wa chini unacheza. Ukiona inacheza, sauti inapita, hakuna atakayekwambia haipiti."

"Ni mkwe wangu. Sisemi naye."

"Yeye alisema na wewe."

Akachukua mkeka wake kwenye begi, akasema anakwenda kuswali, akanifungia mlango.

Nilibonyeza namba ya Hyasinta. Vidole vinaijua vyenyewe. Kule kwenye kioo cha simu yake najua pameandikwa Keraryo Kazini, na kama yeye mama hasomi, umbo la hayo maandishi analijua, kwani ndiyo aliyoonyeshwa kwa kidole. Iliita sana. Nilitaka kukata. Ikapokelewa.

Hakusema hallo. Lakini niliwasikia kuku. Nilisikia ndoo inawekwa chini. Mstari wa chini ulitikisika kidogo, ukatulia, ukatikisika tena, kwa mwendo wa pumzi.

"Mama," nikasema, na mstari wa juu ukaruka kama umeshtuliwa. "Mama, ni mkwe wako. Usijibu, sikiliza tu."

Pumzi ilisimama. Nikasubiri akate. Hakukata.

Nikamwambia. Kwamba siku ile nilipokea na sikusikia hata kuku. Kwamba niliita hallo mpaka nikachoka, na sauti yangu haikutoka nje ya ukuta wa ofisi. Kwamba niliulaza mkonga mezani nikaenda kufungulia gari la barafu, na wakati yeye anasema maneno yake mazuri, alikuwa anaiambia meza. Kwamba wakubwa walijua wakanywa soda. Kwamba dawa ya Hyasinta ilikuwa mfukoni mwangu na bado ninayo, nimeshindwa kuitupa. "Kama ningekusikia, mama, ningekuja hata kwa miguu," nikasema. "Wewe ulinipa heshima ambayo sikuistahili. Ulifikiri nimenyamaza kwa adabu. Sikunyamaza. Nilikuwa napiga kelele."

Nilipofika hapo nikanyamaza kweli. Mstari wa juu ukalala. Wa chini ulibaki unatikisika, mdogo, mdogo. Jogoo akawika huko. Mlango ukalia bawaba zake, kama mtu ametoka nje, na kuku wakasikika karibu zaidi. Ule mlango wa jikoni naujua, ukitoka hapo macho yanaangukia kaburini.

Niliangalia dakika za simu zinaongezeka. Siku ile nazo ziliongezeka hivihivi, na kila mtu akaamini tumeelewana.

"Mama, sasa nakuomba ujibu," nikasema. "Vunja mwiko tena, mara moja tu, hata kama ni kusema hapana. Nije?"